Kura Zilifungwa Tukiwa Kwenye Sala

Losa, binti yangu Vaimoana ameshindwa fainali ya mashindano ya kuimba huko Auckland. Kwa kura chache tu.

Kura zilifunguliwa baragumu la sala ya jioni lilipolia. Tukazima televisheni na simu, kijiji kizima, kama desturi yetu.

Mdogo wake akaninong'oneza, "Mama, tumpigie dada kura kwanza." Nikamwambia, "Nyamaza, Mungu kwanza." Mimi huyu, Losa.

Baba mkwe akamwombea ushindi. Akaomba, akaomba, akawataja hadi majaji kwa majina. Tulipowasha, tukakuta kura zimefungwa.

Sasa hivi Vaimoana amepiga simu kutoka Auckland. "Mama, kijijini hamkunipigia kura?"

"Tulikuwa kwenye sala, mwanangu. Babu alikuombea ushindi."

Akasema, "Basi mwambie asante."

Hata machozi hayanitoki. Mzee akauliza mjukuu wake amesema nini. Nikamwambia, "Amekushukuru, baba."