Ulisema Mimi ni Yaya

Kwako Baba Nyanjura,

Kaka yako Masatu ameniambia unaumwa huko Dar es Salaam na unataka kurudi Mugango. Ameniomba nikuandikie neno la kukupa moyo. Kuandika nimekubali, hilo la moyo nimemwambia aniachie mwenyewe. Barua haina siri. Wakusomee hata mbele ya wageni.

Unaikumbuka Nairobi. Uhuru ulikuwa bado mpya, nawe karani wa ushirika wa pamba Musoma, umetumwa kuonana na wanunuzi. Mimi nilikuja kwa sababu macho ya Nyanjura yalikuwa yanatoa usaha na tuliambiwa huko kuna daktari. Kwenye meli ya Kisumu ulinifunika koti lako. Ulikuwaga na huruma wewe, tukiwa wawili.

Jioni yule Mzungu mnunuzi akatualika hoteli ya Wafaransa. Zulia lilikuwa nene hata sikusikia miguu yangu. Mhudumu mwenye glovu nyeupe akaniletea samaki asiye na kichwa, amelala kwenye mchuzi wa siagi. Nikamla kwa vidole, kama tulivyozoea kula samaki wetu wa ziwani wenye miiba. Nyanjura akalia, nikamnyonyesha palepale. Mke wa Mzungu akakuuliza, kwa upole tu, mimi ni nani.

Ukafuta mdomo kwa kitambaa. "Huyu ni yaya," ukasema. "Mama wa mtoto amebaki nyumbani."

Ulisahau kwamba masista wa misheni walinifundisha Kiingereza. Kisha ukaniinamia, ukasema kwa Kijita chetu, "Mchukue mtoto mkae jikoni. Nitakueleza baadaye."

Nilikwenda. Nilikaa juu ya kreti la viazi. Mpishi mmoja akanipa mkate, akaniuliza, "Mama, umekuja na nani?" Nilikuwa nawasikia mkicheka huko mezani. Na maelezo yako yalipokuja yalikuwa haya: "Ulitaka niseme nini, na ulivyokuwa unakula vile?" Kabla pamba haijavunwa ulikuwa umeoa mwalimu wa Bunda anayejua kushika uma, nami nimerudi kwa mama yangu na mtoto mgongoni.

Miaka ikapita, likaja Azimio la Arusha, ukageuka ndugu wa wakulima. Ukagombea ubunge. Ulikuja uwanja wa Mugango umevaa katambuga za tairi na shati lenye kiraka, ukasema, "Mimi ni mwenzenu. Sijawahi kuwaonea aibu watu wangu." Watu wakapiga makofi. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye swali. Nikasimama.

"Ndugu mgombea, unanifahamu?"

"Nakufahamu, mama. Ni mzazi mwenzangu."

"Nairobi, kwenye meza ya Wazungu, ulisema mimi ni nani?"

Ukacheka. "Hayo ni mambo ya nyumbani, mama. Hapa tuzungumze maendeleo."

Basi nikawaeleza wote, polepole, tangu samaki hadi kreti la viazi. Nikamaliza hivi: "Nilikuwa namnyonyesha mtoto mbele yake. Jamani, yaya ananyonyeshaga?" Wanawake wa Mugango hawakucheka, najua ulitamani wacheke. Mama yako mzazi, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akajifunika khanga usoni, akainuka, akaenda zake. Ulimwita. Hakugeuka.

Ulishindwa hata kwenye kituo cha kura cha kijijini kwako. Padri aliniambia nitubu, kisasi si chetu. Nilipiga magoti nikayatafuta majuto, sikuyapata. Nilichopata ni usingizi mzuri. La mama yako tu ndilo linanichoma: alikufa bila kusema tena na yeyote kati yetu. Hilo tulilifanya wote wawili.

Sasa unataka kurudi. Rudi. Ardhi ni ya baba zako, sina cha kukuzuia. Nyanjura ananizidi urefu siku hizi, na macho yake ni mazima. Akitaka kuja kukuona, aje. Sitamtuma wala sitamkataza. Mimi shamba langu la mihogo liko nyuma ya nyumba yenu. Kila asubuhi nitapita mlangoni kwako na jembe begani, utaniona, na sitakusalimu.

Safari njema. Nataka ufike.

Mama Nyanjura,
Mugango