Resori za Kombi ya Kulala

Jumatatu, 4 Machi 2002. Fizi

Kama Mungu angekuwa na gari, ni miye angeniita nimutengenezee. Malaika bangekaa pembeni kunishikia taa. Kutoka hapa mpaka Kalemie hakuna mwingine.

Asubuhi chini ya kombi, kama kila siku. Vumbi machoni, grisi ndani ya nywele. Kombi ni ya bazungu ba mission. Vita ya kwanza ilipoingia balikimbia, bakamuachia baba ufunguo, yeye ndiye alikuwa mulinzi wao. Baba naye alivuka ziwa, iko Kigoma. Basi ni yangu. Iko na kitanda nyuma, kabati, hata rido za maua kwenye madirisha. Batoto banaiita nyumba ya Wilondja. Wilondja ni miye.

Shida: resori za nyuma, zile springi za kubeba gari, zimekufa. Moja imepasuka, ingine imelala kama ulimi wa mbwa.

Na yaya Riziki, dada yangu mukubwa, iko hapa kwa mama na mimba kubwa. Mimba mbili za mbele ya hii zilitoka. Muuguzi alimukataza kutembea. Akasema azalie Baraka, kule iko dokta. Njia yote ni muteremko na mashimo, na kitanda chenye magurudumu ni hiki changu tu. Kwa hiyo kila kitu iko juu yangu. Vizuri. Ndiyo napenda.

Jumatano, 6 Machi. Baraka

Nimeshuka na baiskeli. Mama Furaha, mwenye kuuza vyuma sokoni, alikuwa na resori za aina mbili. Za Peugeot ya zamani: nyembamba, ndefu, ukizikanyaga zinainama. Na za kamyo, lori kubwa iliyoungua barabara ya Uvira. Zile nilizikanyaga, nikaruka juu yake. Hakuna kitu.

"Kijana, unabeba nini?"
"Kombi."
"Nauliza ndani ya kombi."
"Yaya yangu. Iko na mimba."
"Mimba ya tembo?"

Bamama benye kuuza samaki ndagala bakacheka mpaka mizani ikaanguka. Nilikasirika. Nikamuambia mwanaume hanunui chuma yenye kuinama. Nikamupa jeriken ya mawese, nikachukua za kamyo. Shemeji Asende, bwana ya yaya, muvuvi wa hapa, alizinyanyua akasema: nzito, nzuri. Kwetu gari ni ile yenye matako juu. Ikikaa chini, banasema imechoka pamoja na mwenyewe.

Alhamisi, 7 Machi

Kupanda na zile vyuma kwenye baiskeli. Baiskeli ndiyo ilihitaji resori. Basoda ba barière, pale banafunga njia, bakauliza kama ni za bunduki kubwa. Balinichotesha maji yao mpaka mapipa yakajaa. Nilibachekea. Moyoni sikucheka.

Ijumaa, 8 Machi. Fizi

Zimeingia. Matako juu. Nilipakia vijana ba mutaa wote na magunia ya mihogo juu yao. Haikushuka hata kidole. Batoto bakapiga makofi. Nilitembea kama gavana.

Kisha nikaendesha tupu mpaka kanisani. Inaruka kidogo. Sahani zote za kabati zilimwagika. Nikazifunga na kamba.

Jumapili, 10 Machi

Masasi ya bunduki milimani tangu asubuhi. Batu banafunga mizigo. Yaya anaona maumivu mugongoni. Mama amesema kesho. Sikai. Nakaza bulo na nati zilizokazwa, nazunguka gari, nafungua kofia ya injini, nafunga. Hata kula siwezi. Nataka tuende sasa. Hapana, ni kesho.

Jumatatu, 11 Machi. Baraka

Yaya alilala kitandani, mama kando. Kila shimo kombi iliruka kama mbuzi. Inapanda na kitanda, inashuka na kitanda. Tulipita barière. Chini kidogo mama akapiga ukuta wa kombi kwa ngumi, nikasimama.

Yaya alitoka akipiga magoti, akashika majani ya njia. Jasho tu. Hakuniangalia.

Vijana fulani balikuwa banapanda kutoka sokoni. Balitua mizigo yao pale pale, hata haikuwa kazi ya kuombwa. Huku mugonjwa akianguka njiani, anayepita anakuwa bega. Baling'oa ubao wa kitanda changu, bakafunga na rido za maua, bakamuweka juu.

"Wewe na ndege yako, fuata nyuma," mumoja akaniambia.

Balimubeba bakiimba, bakipokezana. Taratibu, kama maji ndani ya kikombe. Mi nyuma yao na kombi tupu, gia ya kwanza. Haya ilinichoma masikio.

Jumanne, 12 Machi

Mutoto musichana. Analia kwa nguvu. Yaya muzima. Shemeji anapita kila nyumba akishika batu mikono. Vijana ba Baraka bananiita Kamyo. Nimebaambia: lakini amefika, ao hapana? Balicheka. Mi pia.

Alhamisi, 14 Machi

Bunduki upande wa Fizi. Batu banavuka kwenda Kigoma. Shemeji iko na mutumbwi wa mashini: yaya, mama na mutoto bataondoka naye kwa baba.

Nilipeleka kombi mulangoni kwa opitali. Niliweka mifuko ya muchanga nyuma ili itulie, godoro juu, shuka safi. Nilijaribu mwenyewe, nikalala. Ilikuwa laini kabisa.

Yaya alitoka na mutoto ndani ya kitenge. Akaangalia mulango ulio wazi.

"Nitatembea, Wilo."

Akatembea, pole pole, akikamata mukono wa mama. Mi nikabeba sufuria. Pwani alinipa mutoto nimushike kidogo tu, kisha akamuchukua. Mutumbwi ukaenda.

Jumamosi, 16 Machi

Bunduki zimenyamaza. Ziwa limetulia. Nimekaa mulangoni mwa kombi tangu mchana. Hakuna wa kumubeba.

Batu bote banasema ni resori. Hata miye nasema ni resori, ni rahisi. Lakini mbele, kabla mama hajapiga ukuta, tukiwa bado kwenye barière, yaya aliniita. Alisema: Wilo, simama, tafazali. Nilisikia vizuri. Basoda balikuwa banaangalia gari yangu vile iko matako juu, mumoja akanionyesha kidole gumba. Nikacheka, nikaongeza mwendo.