Kinoo cha Kumalizia

3 Machi

Shemeji yangu,

Salamu nyingi. Mimi na watoto hatujambo, hofu ni kwako na hicho kifua.

Duka la kunyolea la marehemu mume wangu nafungua kila asubuhi, lakini wateja wanapungua. Wananyolewa, wanashukuru, hawarudi. Mwalimu jirani yetu ndiye aliyenipasulia ukweli: “Mama, mkono wako mwepesi, ila shavu linawaka mpaka jioni.” Sababu naijua. Kinoo cheusi cha ndugu yako kilivunjika siku za msiba, watu walipokuwa wakihamisha viti. Vinoo vya kuanzia vipo, cha kumalizia hakuna, na wembe usiomaliziwa ni msumeno.

Muuza zana ana vitatu, mawe ya asili: cheusi, cha kijani, na cha manjano chenye madoa kama mtoto mwenye surua. Nichukue kipi? Nikikosea nitafunga duka, na kazi nyingine siijui wala siitaki.

Shemeji yako

11 Machi

Shemeji,

Kifua kimetulia, sasa nasumbuliwa na ulimi tu.

Sikiliza. Dondosha tone la maji juu ya kinoo. Kikilinywa upesi ni laini mno, kirudishe. Kisha pitisha wembe wa zamani polepole, sikio karibu. Ukisikia unakwaruza mahali, kuna punje ya mchanga ndani, na hiyo itakutafuna makali kila siku. Kinoo kizuri hakipigi kelele, unahisi tu kama kinaushika wembe kidogo. Usikandamize, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Wala usijaribie nywele za mkono. Hizo ni wanafiki, zinakubali hata kisu cha vitunguu. Liulize shavu.

Ila kwa nini nakuchosha? Chukua cheusi. Kaka alikuwa na cheusi.

Shemeji yako, wa mwisho kuzaliwa na wa kwanza kwa maarifa

20 Machi

Shemeji mwenye maarifa,

Umeamkaje huko? Sisi wazima.

Cha kijani kilikunywa maji kama ng'ombe. Cheusi kinapendeza, lakini karibu na pembe kinakwaruza. Nilirudia na kurudia mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua kinoo au naposa. Basi nimechukua cha madoa. Mwalimu nimemnyoa, na kesho yake akamleta baba mkwe wake.

Niambie kama nimefanya sawa.

Shemeji yako

14 Aprili

Shemeji,

Sijui kama u mzima, maana hujibu. Umeninunia kwa ajili ya kile cheusi? Sema tu, mimi si mgeni kwako.

Wazee ndio wananitesa. Wanafika mlangoni, wanaona mwanamke kashika wembe, wanakumbuka shughuli zao. Kila mmoja anangoja mwenzake atangulie. Ukiona kuandika ni kazi, njoo nikunyoe hizo ndevu mbele yao. Wewe ni kinyozi, wewe watakuamini.

Mke wa kaka yako

9 Mei

Shemeji,

Nimefika nyumbani salama, wote hapa wanakusalimu.

Nilinuna, ndiyo. Nilitaka uchukue cheusi ili kitu cha kaka kiwe palepale kilipokuwa. Ulipoandika kwamba kinakwaruza, niliona kama umemsema yeye. Kwa hiyo usidhani nilipanda basi kuja kukusaidia. Nilikuja kutafuta kosa.

Tangu ndevu ziniote, aliyeninyoa ni kaka peke yake. Baada ya mazishi sikumpa mtu mwingine shingo yangu, ndiyo maana ulinikuta na kichaka kile. Ulipopaka povu nilikaza taya, nikangoja shavu lianze kuwaka nipate la kusema. Nakumbuka ulifika chini ya sikio, basi. Uliponigusa bega, uso ulikuwa safi, na mzee mmoja alikuwa ananiharakisha nimwachie kiti.

Uliniuliza kama wembe ulikuwa sawa, nikajibu kwamba nitakuandikia. Sikuweza kusema pale mbele ya watu. Nililala, shemeji. Tangu tumzike sijawahi kulala namna ile.

Mdogo wako