Simu Inayosema Dada Amelala

2 Juni
Dada,
Salamu kwanza, hasira baadaye. U mzima? Mimi mzima, ila damu inanichemka tangu nisome barua yako. (Naandika kwa kalamu maana simu yako mwenyewe uliizamisha kwenye ndoo ya deki, bado inakauka hapa kwangu. Usijifanye umesahau.) Eti msimamizi wenu kawapa simu za kuhesabu hatua, na yako inasema unashinda umekaa? Wewe, unayepiga deki ghorofa nzima mpaka magoti yanalia? Na wiki ijayo anakufukuza? Mlete hapa kibandani nimfungue kichwa nione kama kina chaji.
Shule niliitoroka, lakini simu nazijua mpaka tumboni. Hebu niambie, ukifanya kazi unaiweka wapi?
Mdogo wako, fundi wa mafundi

4 Juni
Mdogo wangu mwenye domo,
Sijambo, usingizi ndio sina. Simu naiweka juu ya kigari cha ndoo. Ningeiweka wapi? Mifuko ya makoti yetu ya kazi msimamizi kaishona yote, eti tusiibe sabuni.
Dada yako

5 Juni
Dada,
Umeamkaje? Mimi nimepiga meza mpaka bisibisi zikaruka. Sikiliza. Simu haioni miguu yako. Ndani mna kidude kidogo kuliko punje ya mchele, na humo kijizito kinaning'inia kwenye springi nyembamba kuliko unywele. Ukiivaa mwilini, kila hatua inakitikisa, simu inahesabu. Kigari kinateleza tu sakafuni, kijizito kimetulia kama bwana harusi. Kwa simu, umelala!
Usimlilie huyo mtu. Mpe kigari asukume mwenyewe, mbele ya wenzako.
Mdogo wako, profesa wa kibandani

14 Juni
Mdogo wangu,
Hujambo? Mimi bado nina kazi, na bado nina hasira. Jana alipotukusanya anifukuze, nikamwambia, "Bosi, sukuma hiki kigari ukumbi wote, kwenda na kurudi." Akacheka, akasukuma. Tukaitazama simu yangu iliyokuwa juu yake. Hatua sifuri. Mama mwenzetu anayepiga deki ghorofa ya chini akamwuliza, "Bosi, umeamka salama?" Hakuna aliyejizuia kucheka.
Nilidhani ataniomba radhi. Thubutu! Leo asubuhi kaja na wembe, katupanga mstari na makoti yetu mwilini, anafumua mifuko aliyoishona, mmoja mmoja, ili simu zikae humo, hamtazami mtu usoni. Aliponifikia nikamshika mkono.
"Taratibu, bosi. Koti hili lina mtu ndani."
Dada yako