Mjomba Musau Aliporudi Kutoka kwa Daktari

Jericho, Nairobi
Agosti 1996

Kwa Anti Kamene,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Voi. Sisi hatujambo. Maji ya mfereji yamerudi, na cherehani yako bado iko dirishani. Nimeifunika kwa leso.

Jana nilipigwa na butwaa. Mjomba Musau alirudi kutoka kwa daktari, akamwambia Nyanya mbele yangu, "Mama, tatizo ni langu. Sina mbegu za uzazi. Daktari ameuliza kama niliugua matubwitubwi nikiwa kijana."

Nyanya alicheka. "Uliugua ukiwa darasa la saba. Ulivimba mashavu, ukavimba na huko chini. Si mimi niliyekukanda?"

Kisha kicheko kikakatika, akaketi sakafuni. Anti, huyu ndiye aliyekufukuza kwa mumeo akikuita gunia tupu mbele ya majirani, eti huzai. Chai ilipoa bila mtu kuigusa.

Daktari amesema dawa za homoni hazitamsaidia. Ng'ambo wanajaribu kupandikiza seli changa zinazozalisha mbegu, lakini kwa panya tu. Nilimwambia Mjomba kwamba mambo ya panya huweza kufika kwa watu. Aliniomba anwani yako.

Sikumpa, kwa sababu uliniagiza nisimpe mtu yeyote.

Leo asubuhi nimemkuta Nyanya akipangusa cherehani yako. Kisha akaifunika tena kwa leso.

Anti, nimpe Mjomba anwani?

Mpwa wako akupendaye,
Ndanu