Kidonge cha Asubuhi na Mkanda wa Jeshi

Jumatatu, 5 Mei
Nimemeza kidonge na uji wa wimbi. Wiki ya tatu imeisha. Kichefuchefu kimepungua. Mwanzoni nilikuwa nakimbilia choo kila asubuhi, walimu wenzangu wakaanza kunihesabia miezi. Mimi, na miaka yangu arobaini na saba! Nimewaacha wahesabu. Halima pekee ndiye anajua ni dawa ya kuniachisha pombe. Dawati lake linatazamana na langu.

Jioni, kwaya ya Gredi ya Tano. Mumbua bado anaimba kama anaita mbuzi ng'ambo ya bonde. Simtoi. Tamasha ni tarehe 24. Mwaka jana walienda bila mimi. Nilikuwa kitandani na nimonia. Niliwaambia ni vumbi la chaki. Uongo. Ilikuwa pombe.

Alhamisi, 8 Mei
Ubavu wa kushoto unawaka, kama nimelalia pasi.

Ijumaa, 9 Mei
Malengelenge. Mstari kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Mkanda wa jeshi. Watu wa rika langu tunajua majirani walinong'ona "ukimwi" walipouona kwa mtu. Naogopa. Basi, nimeandika.

Jumamosi, 10 Mei
Dada yangu Ndunge kaja na maparachichi. Nikamwonyesha ubavu. Kwa ujinga wangu nikamwambia na habari ya kidonge.

"Aiya! Hiyo dawa ndiyo inamaliza kinga," akasema. "Umekunywa pombe miaka kumi na tano, mkanda haukukushika. Umemeza tembe wiki tatu, jiangalie sasa!"

Hesabu yake inaingia akilini. Ndiyo inayoniudhi. Leo sijameza.

Jumapili, 11 Mei
Sijameza tena. Mchana kiu ikarudi, na si ya maji. Miguu ikanipeleka hadi mlango wa baa karibu na stendi. Nikampigia Halima.

"Uko wapi?"

"Nje ya mlango."

Hakuuliza mlango gani. "Usisogee." Akafika na bodaboda, buibui likipepea kama bendera ya shule, akanishika mkono mbele ya watu wote kama mtoto wa chekechea. Kwake nimekula mahamri manne. Hakunihubiria. Alisema tu kesho ni hospitali, mimi na yeye.

Jumatatu, 12 Mei
Daktari Nzilani ni mdogo, ningeweza kuwa nilimfundisha kusoma. Kipimo cha ukimwi kwanza. Sina. Nimelia kidogo, Halima kalia zaidi.

Nikauliza waziwazi: ni kidonge kimenimalizia kinga?

"Mwalimu, hiki ni kirusi cha tetekuwanga uliyougua utotoni. Kilikuwa kimelala mwilini. Kinaamka askari wa mwili wakichoka. Umri unawachosha, mawazo pia. Na pombe, miaka hiyo yote, si kidogo."

"Na kidonge?"

Alisema watafiti bado wanachunguza dawa hizi zinavyogusa kinga. Wengine wanadhani huenda zinatuliza uvimbe wa ndani, wengine hawajakubali. Lakini yeye hajaona ushahidi kwamba kidonge changu, kwa kipimo changu, kinamaliza kinga. Anachokichunga zaidi ni ini. Nimempenda kwa kusema "hatujui yote". Walimu wangapi tunathubutu?

Akanionya pia kuhusu maumivu. Dawa kali za jamii ya mofini nisiguse bila kumwuliza, maana kidonge changu kinazizuia kufanya kazi na naweza kudhurika. Kumbe vizuri sikukimbilia duka la dawa.

Wametoa damu. Nimepewa tembe za kupambana na kirusi, mara tano kwa siku. Nikae nyumbani hadi malengelenge yakauke. Kidonge changu nimekirudia palepale, mbele yake.

Jumatano, 14 Mei
Majibu! Chembe nyeupe ziko sawa. Mwaka jana, wakati wa nimonia, zilikuwa chini. Ini nalo limeanza kutulia. Nikataka kukisifu kidonge, daktari akacheka: sifa nyingi ni za kuacha kunywa, kidonge kinanisaidia nisirudi.

Nimemtumia Ndunge picha ya karatasi ya majibu. Kanijibu kwa ujumbe wa sauti, dakika mbili za maombi, na mwishoni: "Lakini mimi bado siipendi."

Jumatatu, 19 Mei
Ubavu unachoma usiku. Mchana nacheka. Halima amechukua kwaya na hajui kuimba hata kidogo. Kanipigia simu katikati ya mazoezi: "Sauti ya tatu ni ipi, ile ya juu au ile ya huzuni?" Nikaimba kupitia simu, watoto wakafuata. Sauti yangu imetoka safi, bila ule mkwaruzo wa pombe. Sikutarajia.

Alhamisi, 22 Mei
Vidonda vimekauka. Daktari ameniruhusu. Watoto wamenipigia makofi kama nimetoka vitani. Mumbua ameniuliza mkanda wa jeshi ni wa jeshi gani.

Jumamosi, 24 Mei
Wa pili! Katika shule kumi na moja! Nilisimama mbele yao, mikono haikutetemeka. Nilijua haingetetemeka, na bado niliitazama. Mumbua aliingia mapema ubeti wa mwisho, peke yake, kwa nguvu zote. Mwamuzi akaandika "ujasiri". Halima alipiga vigelegele hadi akaombwa atulie.

Nimelala saa mbili usiku na viatu.

Jumapili, 25 Mei
Ndunge amekuja baada ya kanisa. Nimepika isyo, mahindi na maharagwe na mboga kidogo. Ameniona nikimeza kidonge changu baada ya chakula, maana asubuhi nilichelewa kuamka.

Wakati wa kuondoka akasimama mlangoni, akachezea kamba ya kikapu. Akaniuliza dawa inaitwaje. Nikadhani anataka kubishana tena.

"Ni kwa ajili ya Mutiso," akasema. Mumewe.

Sikujua kwamba naye anakunywa. Miaka yote hii, sikujua. Nimemwandikia jina la dawa, na la daktari. Amekunja karatasi, akaitia kwenye blauzi. Kisha ameweka kikapu chini, akarudi ndani, tukaosha vyombo.