Ndara Iliyobaki Relini

Diani, 20 Machi 2025

Kwa Shangazi Mwanapili,

Shikamoo. Natumai saumu haijakuchosha na magoti yametulia. Mimi sijambo, alhamdulillahi.

Shangazi, wewe ndiwe uliyenilea, na bila idhini yako hakuna barua ya posa itakayopokelewa. Mbona wamkataa Mbarak na hata hujamwona? Njoo Idi pili hapa bustani ya michezo ninapouza tiketi, upande gari dogo la moshi analoliendesha. Waje pia wenzako wa kikundi cha kupanda mikoko. Ukimwona ukamkataa, nitanyamaza.

Mwanao,
Hasina

Gazi, 23 Machi 2025

Mwanangu Hasina,

Marahaba. Saumu yaenda vyema, magoti ndiyo yale yale.

Nimkubali vipi mwanamume ambaye kazi yake ni kuzunguka minazi na kurudi pale pale alipoanzia? Kutwa yuko safarini, na hata Msambweni hajafika! Halafu ile picha uliyonitumia, kofia kailaza upande. Wanaume wa kujiona nawajua mimi. Marehemu mume wangu tulipotea naye njia ya Shimoni, akakataa katakata kuuliza mtu, tukalala kwa watu.

Kuja nitakuja, kwa kuwa Twaiba na wenzangu wengine wa kikundi washanunua leso za sare. Kukubali, sikubali.

Shangazi yako

Gazi, 2 Aprili 2025

Hasina mwanangu,

Salaam aleikum. Hujambo? Mimi mbavu zaniuma kwa kucheka.

Wewe ulikuwa dirishani kwako, hukuyaona. Tulipofika kule nyuma penye minazi, gari likakohoa, likasimama. Watoto wakaanza kulia. Nikamwambia Twaiba, "Si nilisema!" Nikangoja nione Mbarak atakavyojitia ujuzi. Wallahi akashuka, akavua ile kofia, akasema, "Mama zangu, kuni zimelowa mvua. Zimenishinda. Nisaidieni."

Wanawake wa Gazi tuambiwe moto umeshinda? Tukajifunga leso viunoni. Jirani pana banda la kukaushia mbata, tukaomba vifuu vikavu vya nazi, tukajaza ndoo. Nikisema tia, Mbarak anatia. Kosa letu ni kwamba tulitia kama tunaopika pilau la arusi! Kifuu nacho kina mafuta yake. Hee! Gari lilichomoka, ndara ikanitoka mguuni, tukapita kituo bila kusimama tukifuka moshi, na wewe ukatupungia mkono ukidhani ni mbwembwe! Twaiba alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mbarak jasho lamtiririka, acheka na sisi.

Nilipolala ndipo nikawaza: pilau la arusi nilikuwa nampikia nani? Kumbe moyo ulishakubali, mdomo ndio mkaidi. Mwanamume wa kusema "nisaidieni" hatujapata kuwa naye katika ukoo huu, mwanangu, na nimefurahi hadi machozi.

Wazee wake walete barua Jumamosi. Ila ile ndara yangu ya buluu imebaki relini. Wasije bila hiyo.

Shangazi yako

Diani, 3 Aprili 2025

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Magoti yako yaonaje baada ya mbio zile? Mimi nimelia na kucheka kwa pamoja, hata wateja wameniuliza kulikoni.

Ndara ipo. Mbarak aliiokota jioni ile ile. Nilipotaka kukuletea, akanishika mkono. "Iache," akasema. "Nikikataliwa, angalau nitakuwa na sababu ya kubisha hodi Gazi."

Ameiosha, ameifunga ndani ya leso mpya. Jumamosi atabisha.

Mwanao,
Hasina